Jaketi Lisiloruhusiwa Kulowa

Nchi inayoitwa Inasemekana iko katikati ya kwetu na China, na mfanyabiashara anayetaka bidhaa za Wachina bila kujisumbua kufika China hupita humo, apende asipende. Nilikaa huko majuma kadhaa. Ninayoyaandika hapa niliyaona kwa macho yangu, na katika nchi ile kusema hivyo ni kosa.

Mimi ni Nyangeta Manyama, mwenyeji wa Musoma. Nilitumwa na chama cha wenye boti za abiria, wale wanaovusha watu kwenda visiwani. Mwaka uliotangulia boti moja ilipinduka karibu kabisa na gati, mchana kweupe, watu wakitazama. Abiria wengi walikuwa wamevaa majaketi ya kuokolea maisha, mapya, ya rangi ya chungwa, na waliovaa ndio waliotangulia kuzama. Mdogo wangu Masatu alikuwa mmoja wao. Tulipomtoa majini, jaketi lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote, kama alivyoelekezwa. Nililichana kwa kisu pale pale ufukweni. Ndani mlikuwa na vipande vya sponji ya magodoro, vimenyonya maji mpaka vikawa vizito kama matofali.

Hakuna aliyejua majaketi yale yalitengenezwa wapi. Aliyetuuzia alinunua kwa mtu mwingine, na huyo kwa mwingine, na wa mwisho kuulizwa alisema tu, "Ni ya Mchina." Tukaambiwa hivyo kana kwamba tumepewa jibu.

Mwenyekiti wetu, Mzee Mafuru, aliniita nyumbani kwake. Alikuwa amekonda tangu ajali ile.

"Nyangeta mwanangu," alisema, "boti haziruhusiwi kuondoka bila majaketi, na watu hawataki tena kuyavaa. Wanasema afadhali wazame wakiwa wepesi. Wewe ndiye unayejua biashara. Nenda kalete yanayoelea."

"Nitaleta," nikamjibu. Sikuwa na shaka na hilo. Nilikuwa nimenunua na kuuza nguo, masufuria na nyavu kwa miaka mingi, na nilijua kwamba kitu kizuri kipo mahali fulani na kina mwenyewe. Kazi ni kumpata mwenyewe.

Nilipoingia Inasemekana nilipokelewa na Afisa wa Wageni, mtu mpole mwenye tai iliyonyooka, jina lake Tarazo.

"Inasemekana umefika salama," aliniambia.

"Nimefika salama," nikajibu.

Akatazama nyuma yake, kisha akashusha sauti. "Mama, usiseme hivyo mbele za watu. Hapa anayesema nimeona, au najua, anatakiwa kuwa na kibali. Vibali hutolewa na Ofisi ya Kuona, na ofisi hiyo haijafunguliwa tangu ijengwe. Anza na inasemekana, mambo yako yatakwenda."

Tarazo alinitembeza mjini na kunieleza sheria zao, na sheria hizo nilizikuta zinafuatwa kwa unyenyekevu mkubwa. Kwao picha ya kitu ni kitu chenyewe. Mfanyabiashara mwenye picha ya kiwanda huhesabiwa kuwa na kiwanda, kwa hiyo barabara zimejaa wachukuzi waliobeba mgongoni picha kubwa za viwanda, na mtu akitaka kujua kama kiwanda kinafanya kazi humwuliza mchukuzi kama amechoka. Muuzaji akimwita mnunuzi rafiki mara tatu, mnunuzi haruhusiwi tena kumwuliza lolote, kwa kuwa rafiki hahojiwi. Na katikati ya mji upo Uwanja wa Nyota, ambako watu hukaa chini ya miavuli mikubwa wakiwabandika wauzaji nyota za karatasi vifuani.

"Hawa wamenunua kwa wauzaji hao?" nilimwuliza Tarazo.

"Hapana," alisema kwa mshangao wa kweli. "Aliyenunua ana upendeleo. Ama amefurahi, ama amekasirika. Sisi tunataka watu wasiohusika."

Muuzaji mwenye nyota nyingi kuliko wote alikuwa raia wa pale pale, aliyejiita Bwana Rafiki. Alisema yeye ni mwakilishi wa kampuni ya Kichina iitwayo Jua la Mashariki. Picha ya kiwanda chake ilikuwa kubwa mno. Ilibebwa na wachukuzi wawili. Juu ya meza yake, kwenye mto wa hariri, lilikaa jaketi la kuokolea maisha. Lilikuwa zuri. Mshono ulikuwa umenyooka, filimbi ndogo ilining'inia begani, na rangi ilikuwa ile ile ya chungwa.

"Karibu, rafiki," alisema. "Inasemekana hakuna jaketi kama hili."

Nikalinyanyua. Nikaliminya mbavuni, na vidole vyangu vikakumbuka kitu. Nikamwambia nataka kulitia kwenye maji.

 Wabandika nyota waligeuka. Tarazo alinishika kiwiko kwa adabu akanisogeza pembeni.

"Mama, jaketi hilo ni mfano wa bidhaa," alisema. "Mfano ni mgeni wa heshima. Ipo sheria. Jaketi la kuokolea maisha haliruhusiwi kulowa kabla ya kununuliwa."

"Na baada ya kununuliwa?"

"Baada ya kununuliwa ni lako. Unaweza hata kulipikia supu."

"Naelewa, rafiki," Bwana Rafiki alisema kutoka mezani. "Ukaguzi ni kwa watu wasiopendana, rafiki."

Alikuwa ameshaniita rafiki mara tatu, kwa hiyo sikuuliza zaidi, nikasema tu nitarudi.

Siku iliyofuata Tarazo alinipeleka kwenye Baraza, kwa sababu kila mgeni mwenye shughuli na Wachina hutakiwa kusikiliza mjadala. Ukumbi umegawanyika pande mbili. Upande mmoja hukaa chama cha Wote Wema, na wa pili chama cha Wote Wezi. Wamekuwa wakijadili hoja moja tangu babu zao: je, Wachina ni waaminifu? Mjumbe wa Wote Wema alisimama akaeleza kwamba shangazi yake alinunua taa, na taa inawaka hadi leo, kwa hiyo taifa zima ni jema. Mjumbe wa Wote Wezi akasimama akaeleza kwamba jirani yake alinunua redio, na redio ilikufa, kwa hiyo taifa zima ni la wezi. Walipigiwa makofi kwa usawa. Nilipomwuliza Tarazo kama Mchina yeyote amewahi kuitwa mle atoe maelezo, alisema hilo lingevuruga mjadala.

Karibu nami, upande wa Wote Wezi, alikaa mtu wa kwetu. Aliitwa Rwegoshora, wa Bukoba, mzee kidogo kuliko mimi, koti limepauka mabegani. Alikuja kutafuta mashine ya kukoboa kahawa. Zamani aliwahi kutapeliwa, akaapa halitatokea tena.

"Umekaa hapa muda gani, kaka?" nilimwuliza.

"Sijui tena. Kila siku nasikia tapeli mpya. Ni elimu kubwa, dada Nyangeta. Hakuna mtu atakayeniweza sasa."

"Na mashine umepata?"

"Ninunue kwa nani? Hujasikia wanavyosema?"

Nilimtazama nikaona namna nyingine ya kupotea. Mimi ningeweza kuibiwa na Bwana Rafiki kwa siku moja. Yeye alikuwa akiibiwa na hofu yake kila siku, na aliondoka ukumbini kila jioni akijiona mshindi.

Spika aliniita nipige kura. "Mgeni aseme. Wachina ni waaminifu, ama siyo?"

"Mheshimiwa, mimi siliulizii taifa lote," nilisema. "Namtafuta mtu mmoja anayetengeneza majaketi yanayoelea. Nataka kujua jina lake, yuko wapi, na nani atajibu yakizama."

Pande zote mbili zilinizomea. Ilikuwa mara ya kwanza, Tarazo aliniambia baadaye, kwa vyama hivyo kukubaliana.

Nilitoka nje. Wachukuzi wa Bwana Rafiki walikuwa wamepumzika kando ya njia, picha ya kiwanda imeegeshwa ukutani, na mbele yake alisimama mwanamke wa Kichina wa makamo, mikono nyuma, akiitazama kama mtu anayetazama nguo yake imevaliwa na jirani.

"Lile dirisha la tatu lina ufa," aliniambia kwa Kiswahili kisicho na haraka. "Nililipasua mimi kwa ngazi. Hiki ni kiwanda changu."

Aliitwa Bi. Qiu. Alikuwa ameuza bidhaa Dar es Salaam miaka mingi kabla ya kurithi kiwanda cha baba yake, na kiwanda hicho hutengeneza majaketi ya kuokolea maisha. Alikuja Inasemekana kutafuta wanunuzi, lakini duka lake lilikuwa kichochoroni na halikuwa na nyota hata moja, kwa sababu alikataa kuwanunulia soda wabandika nyota. Wote Wema walimpita kwa kuwa hakusifiwa. Wote Wezi walimpita kwa kuwa ni Mchina.

Nilimwambia shida yangu yote, na habari za Masatu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuniita rafiki.

"Huyu wa Jua la Mashariki, ulimwuliza jina la kampuni?" aliuliza.

"Si ndiyo hiyo? Jua la Mashariki."

"Hilo ni jina la kuwapa wageni. Yeyote anaweza kujipa, hata mbuzi. Kampuni ya kwetu ina jina moja la kweli, limeandikwa kwa maandishi yetu, na ina namba yake. Hilo ndilo linaloshitakiwa, hilo ndilo linalofungua akaunti ya benki. Angalia muhuri wake."

Muhuri huo Bwana Rafiki alikuwa ameupiga kwenye karatasi ya matangazo niliyokuwa nayo mkobani. Bi. Qiu aliusoma, midomo yake ikacheza kidogo, lakini hakunitafsiria. "Usiniamini mimi," alisema. "Mimi ni mshindani wake. Twende Nyumba ya Majina."

Nyumba ya Majina, inayotunza daftari la kampuni zote za Kichina, iko kwenye barabara kuu kabisa, mlango wazi mchana kutwa, na hakuna anayeingia. Niliposikia karani anavyozungumza nilielewa kwa nini. Hasifu na halaani. Anajibu ulichouliza, kisha ananyamaza.

Nilimpa namba ya kwenye muhuri.

"Ipo," alisema karani. "Ilikuwa ikitengeneza vikombe vya chai. Imefungwa."

"Majaketi ya kuokolea maisha je?"

"Vikombe vya chai."

Nikashukuru. Kisha, Bi. Qiu akiwa amesimama kando yangu, nikamwomba karani anitajie na habari za kampuni yake. Nilijisikia vibaya kidogo, kwa kuwa mwanamke huyu alikuwa amenisaidia. Karani alinitajia jina la kwao, mahali kiwanda kilipo, kazi yake, jina la mhusika, na kesi moja ya zamani iliyohusu mzigo uliochelewa, ambayo kampuni ilishindwa ikalipa.

Tulipotoka nilimgeukia. "Samahani, nimekuuliza na wewe."

"Ungeniacha ningekuogopa," alisema. "Na ile kesi ni kweli. Baba alichelewesha mzigo. Njoo kiwandani ukaone. Mlete mkaguzi wako, umlipe wewe, si mimi. Usinunue kwa maneno yangu."

Ningeweza kuondoka naye moja kwa moja. Lakini nilimfikiria kila mtu wa kwetu ambaye angefika kwenye ile meza baada yangu, nikarudi Uwanja wa Nyota. Bwana Rafiki alinifungulia mikono. Tarazo alikuwepo, na mkataba ulikuwa tayari, na Rwegoshora alikuwa amenifuata ili ashuhudie nikitapeliwa. Nilimwomba Bwana Rafiki niliangalie jaketi kwa mara ya mwisho. Alinipa. Katikati ya uwanja kuna kidimbwi cha mapambo chenye samaki. Nikatembea mpaka pale, nikalitia jaketi majini.

Lilielea kwa muda wa mtu kuvuta pumzi chache. Kisha likaanza kunyonya. Bega moja lilitangulia, filimbi ikafuata, na lote likateremka polepole mpaka likalala chini, samaki wakalizunguka. Watu wote walikuwa wakitazama.  

Nilikamatwa, nikafikishwa mahakamani kwa kosa la kulowesha mfano.

Hakimu alikuwa mwangalifu sana. "Mshtakiwa anasema jaketi lilizama," alianza. "Je, yupo hapa mwenye kibali cha kuona?" Hakuwepo. "Basi hakuna aliyeona."

"Mheshimiwa," nikasema, "bado liko chini ya maji. Liletwe."

"Kulileta ni kulishuku mara ya pili," alisema hakimu, na karani wake akaandika. Akamgeukia Bwana Rafiki, mlalamikaji, aeleze upande wake.

Bwana Rafiki alisimama ameumia moyoni. "Mheshimiwa, mama huyu ameidharau kazi ya familia. Inasemekana majaketi yale yanashonwa na shemeji yangu, nyuma ya uwanja, kwa sponji nzuri kabisa. Mimi mwenyewe nailalia."

Mahakama iliona maelezo hayo yanatosha. Hukumu ilikuwa kwamba inasemekana jaketi limezama, inasemekana pia halikuzama, nyota za Bwana Rafiki zibaki, nami nifukuzwe nchini nisirudi tena. Tarazo alionekana kunihurumia. Nilimshukuru kwa ukarimu wake, na nilikuwa namaanisha.

Nje ya mahakama Rwegoshora alinisubiri. "Nilikuambia, dada. Wote wezi."

"Shemeji yake ni Mchina?" nilimwuliza.

Akageuka kuutazama mlango wa mahakama.

"Bwana Rafiki mwenyewe ni Mchina? Wewe umesikiliza habari za Wachina miaka yote hii, kaka. Umeshawahi kuongea na mmoja?"

Alivuta mkono wa koti lake. Bi. Qiu alikuwa akinisubiri hatua chache mbele, na Rwegoshora alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kina cha mto. Mwishowe akamsogelea, akamwamkia, akamwuliza kama anamfahamu mtengenezaji wa mashine za kukoboa kahawa.

"Simfahamu," Bi. Qiu alisema. "Mimi ni wa majaketi. Lakini mlango wa Nyumba ya Majina uko wazi. Nenda na jina la kwao, si la wageni."

Alikwenda. Nilimwona kwa mbali akiingia mle, kofia mkononi.

Mimi nilikwenda China. Kiwanda cha Bi. Qiu nilikikuta mahali kilipotajwa na karani, na dirisha la tatu lilikuwa na ufa. Kilikuwa kidogo kuliko picha yake. Nilimleta mkaguzi ambaye hakuwa ndugu wala rafiki wa yeyote kati yetu. Alichagua majaketi mwenyewe kutoka katikati ya marundo, akayatia majini na uzito wa mtu mzima juu yake, akakataa fungu moja ambalo mikanda yake ilikuwa dhaifu. Bi. Qiu hakubishana. Alilishona upya lote. Mkataba tuliuandika kwa Kiswahili na kwa maandishi ya kwao, na nilihakikisha jina lililo kwenye mkataba ndilo lililo kwenye muhuri, na ndilo lililo benki. Tulibishana sana juu ya bei, naye alinishinda kidogo. Tulipoagana alinipa mkono kwanza, kisha akanikumbatia, na wote wawili tukaona aibu.

Mzigo ulipofika Musoma, watu walijaa gatini. Walisimama mbali na makasha. Mzee Mafuru alifungua moja, akalitoa jaketi la rangi ya chungwa, na niliona mama mmoja aliyefiwa na mumewe katika ajali ile akigeuza uso pembeni.

"Nyangeta mwanangu," Mzee Mafuru alisema taratibu, watu wote wakisikia, "inasemekana haya yanaelea?"

Mimi sijui kuogelea. Wengi wetu wa ziwani hatujui, na hatupendi kulisema. Nilimpokea jaketi, nikalivaa juu ya kitenge, nikafunga vifungo vyote na kuvikaza. Nikavua viatu nikaviweka pembeni. Nikatembea mpaka mwisho wa gati, mahali penye kina, nikaruka.

Maji yalinifunika. Kisha kitu kilinishika chini ya kwapa, kama mtu mwenye nguvu, kikaninyanyua mpaka uso wangu ukatoka juani. Nikakohoa, nikapumua. Nikageuka chali. Nilinyoosha mikono yangu yote miwili kando, nikailegeza kabisa, ili watu waone kwamba si mimi ninayefanya kazi.